Mbwa wa kuokolewa: mwongozo kamili, kuanzia malezi ya muda hadi siku ya kumuaga

Mbwa aliyeokotwa mtaani au kuchukuliwa kituoni huja bila maelezo. Hujui kama aliwahi kuchanjwa, alipigwa na nani, wala ana minyoo gani tumboni. Makosa mengi huanzia hapo, kwa sababu watu hulijaza pengo hilo kwa kubahatisha: anakula, basi ni mzima, ametulia, basi amezoea. Mwongozo huu unaanza kwa kukubali kwamba hujui, kisha unaonyesha jinsi ya kujua. Umeandikwa kwa kuzingatia mazingira ya Kenya na Tanzania: mbwa wetu wa kienyeji, maduka yetu ya dawa za mifugo, kupe wetu na majirani zetu.

Nunua daftari la kawaida, la shule. Utaandika humo uzito, tarehe za chanjo, dawa na chochote kisicho cha kawaida. Daktari wa mifugo akiuliza "alianza kuhara lini?", jibu lenye tarehe huokoa muda na pesa.

Kabla hajafika

Malezi ya muda maana yake ni kukaa na mbwa kwa wiki kadhaa hadi apate nyumba ya kudumu, au hadi wewe mwenyewe uamue kubaki naye. Vituo kama KSPCA, shirika la kutunza wanyama pale Nairobi, hujaa haraka, na mbwa mwoga au anayeuguza jeraha hupona vizuri zaidi nyumbani kwa mtu. Kabla ya kukubali, mwulize anayekupa mbwa nani analipia matibabu, na ukishindwa, mbwa anarudi wapi. Majibu hayo yaandikwe na yatiwe sahihi.

Zunguka ukuta au ua wako ukiwa umeinama hadi usawa wa goti. Mbwa wa kilo 15 hupita kwenye tundu ambalo hukuwahi kuliona. Ziba chini ya geti, ondoa sumu ya panya, funga ngazi ya kwenda darini. Andaa vitu hivi: mabakuli mawili mazito, kola yenye namba yako ya simu, mkanda wa kifua, kamba ya mita 2, na matandiko yanayofulika. Kibanda kiinuliwe kutoka ardhini kwa sentimita 10 hadi 15 kwa kutumia mbao au paleti, mlango usielekee upande wa mvua, na kama paa ni la mabati kiwe kivulini. Kibanda cha bati juani saa saba mchana kinaweza kumuua mbwa aliyefungwa ndani.

Siku 14 za kwanza: mtenge, mpime, mlishe polepole

Kama una mbwa wengine, usiwachanganye kwa siku 14. Sababu kubwa ni parvo, ugonjwa wa kuhara damu ambao huweza kujificha mwilini hadi wiki mbili kabla ya dalili kuonekana. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, vinabebwa na viatu, na sabuni ya kawaida haiviui. Tenga mabakuli na viatu vya kuingilia kwake. Sakafu isafishwe kinyesi chote kwanza, kisha imwagiwe jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha jiki kwa vipimo 30 vya maji, iachwe dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Ukimwaga jiki juu ya uchafu umepoteza jiki, maana uchafu huipunguzia nguvu kabla haijavifikia virusi.

Siku ya kwanza au ya pili, akishatulia kidogo, fanya vipimo vinne:

1. Uzito. Panda kwenye mizani ya bafuni ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Dozi za dawa nyingi hukokotolewa kwa kilo, na kukisia kwa macho ndiko kunakowapa watoto wa mbwa dawa mara mbili ya kiasi.
2. Ufizi. Uwe wa waridi na wenye unyevu. Bonyeza kwa kidole hadi uwe mweupe, achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe kama karatasi ni dalili ya upungufu wa damu, kwa kawaida kutokana na kupe au minyoo. Hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyohiyo.
3. Joto. La mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa taratibu njia ya haja kubwa. Pua baridi au ya moto haikuambii kitu.
4. Mwili mzima kwa vidole. Pitisha mikono kuanzia masikioni hadi mkiani ukitafuta vidonda, uvimbe, kupe, na funza kati ya vidole vya miguu.

Kwa mbwa wa mtaani, tazama pia sehemu za siri. Damu inayodondoka bila kukoma, au nyama iliyoota mfano wa koliflawa, mara nyingi ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Watu huuona wakadhani jike yuko kwenye joto. Unatibika vizuri kwa sindano ya vincristine mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, mikononi mwa daktari. Usikate tamaa, wala usikubali mbwa auawe kwa sababu hiyo tu.

Mbwa aliyekondeana usimjazie bakuli. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu hushuka vibaya na moyo unaweza kusimama. Mbwa mzima wa kilo 15 huhitaji takriban gramu 500 hadi 600 za chakula kilichopikwa kwa siku. Aliyekonda mno aanze na theluthi moja ya kiasi hicho, kigawanywe mara tano au sita, kisha uongeze kidogo kidogo hadi afikie kiasi kamili baada ya siku 7 hadi 10. Kuku aliyechemshwa bila mifupa na wali laini ni mwanzo mzuri. Maji yawepo muda wote.

Chanjo, minyoo na kupe

Kichaa cha mbwa kwanza. Karibu vifo vyote vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza, tiba hakuna. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Mbwa mzima asiyejulikana historia yake achanjwe mara anapokuwa na afya ya kutosha. Serikali na mashirika mara nyingi hutoa chanjo hii bure karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo fuatilia ofisi ya mifugo ya kaunti au halmashauri yako. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa ana cheti, na mbwa afungiwe achunguzwe kwa siku 10.

Chanjo ya mchanganyiko, ile ya parvo na distemper (ugonjwa mwingine hatari wa virusi), watoto wa mbwa huanza wakiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wafike wiki 16. Watoto wengi hufa kati ya dozi ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu mwenyewe aliona sindano moja inatosha akawatoa barabarani. Chanjo lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ukiinunua dukani, ukaitia mfukoni na kupanda matatu au daladala juani, utamdunga mbwa wako maji.

Dawa ya minyoo: watoto kila wiki mbili hadi wafikishe miezi 3, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila baada ya miezi 3. Hakikisha dawa ina praziquantel, maana bila hiyo tegu hubaki. Tegu mmojawapo husababisha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, na Turkana imeteseka sana kwa ugonjwa huo. Mbwa humpata kwa kula ini, mapafu na viungo vingine vya ndani vibichi vya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Yale mapafu ya bei nafuu ya kwa mchinjaji yachemshe nusu saa nzima.

Kupe huwaua mbwa wengi waliokwisha okolewa, na mbwa akipewa dawa mara moja tu wenyewe husahau. Kupe wa kahawia wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta na chini ya matandiko, kwa hiyo ukimtibu mbwa ukaacha kibanda, baada ya wiki chache mko palepale. Ziba nyufa kwa saruji, fua matandiko kwa maji moto, nyunyizia kibanda. Mbwa mwenyewe, ukiweza, mpe kidonge cha kutafuna kinachofanya kazi mwezi mmoja au mitatu. Bei inauma, lakini hakikosei kama dawa ya kuogesha. Asiyefaa kupewa kidonge hicho bila ushauri ni mbwa mwenye kifafa. Ukitumia dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitraz, usikisie kwa kifuniko: pima kwa bomba la sindano kama lebo inavyosema kwa mbwa, usiitumie kwa watoto chini ya miezi 4, na paka asiiguse kabisa.

Kagua kila jioni: ndani ya masikio, kwapani, kati ya vidole, chini ya kola na chini ya mkia. Mkamate kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kusokota. Mafuta ya taa na kiberiti humfanya kupe atapike damu yenye vijidudu ndani ya mbwa. Homa, kukataa chakula, damu puani, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni homa ya kupe hadi daktari athibitishe vinginevyo. Akipewa doxycycline, dawa ya kuua bakteria, mara nyingi ni kwa siku 28. Mpe baada ya chakula, na usiache siku ya kumi eti amechangamka.

Kumzoesha

Siku tatu za mwanzo atalala sana, au hatalala kabisa. Mwache. Hakuna wageni, hakuna kuogeshwa, hakuna watoto kumkumbatia. Tabia yake halisi hujitokeza baada ya wiki tatu hivi, na kutulia kwa kweli huchukua miezi mitatu au zaidi. Baadhi ya mbwa hurudishwa kituoni kipindi hiki, pale aliyekuwa mpole anapoanza kubweka, kutafuna viatu au kulinda bakuli. Hajaharibika, ameanza kujisikia yuko kwake.

Wiki hizi ndizo za kupotea. Nje atoke na kola na mkanda wa kifua kwa pamoja, kamba ikifungwa kwenye vyote viwili. Geti lifunguliwe mbwa akiwa ndani au ameshikwa, na askari wa getini aambiwe hivyo na atajiwe jina la mbwa. Akitoroka, usimkimbize. Weka nguo yako chafu na chakula pale alipotokea, mtafute alfajiri na magharibi, na ukimwona chuchumaa ubavu ubavu bila kumkazia macho.

Alipigwa na fimbo au mawe? Utajua ukiinama kuokota kitu akalala chini au akakimbia. Mguse kuanzia kifuani na shingoni, usipitishe mkono juu ya kichwa. Bakuli lake usilinyakue: msogelee, dondosha kipande cha nyama kizuri zaidi ya kilichomo, ondoka. Baada ya siku kadhaa atafurahi ukimkaribia. Haja apelekwe mahali pamoja kila akiamka, akila na akimaliza kucheza, na apongezwe palepale. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kujificha anapokojoa, hakuna zaidi.

Kumfunga mnyororo mchana kutwa ni kutengeneza mbwa mkali asiye na akili ya kulinda. Kama ua haujakamilika, tandaza waya kati ya nguzo mbili, umfunge kwa pete inayoteleza ili atembee, na kivuli na maji viwe vinafikika.

Kwa mbwa aliyeko tayari nyumbani, wakutanishe nje, njia isiyo ya yeyote, wakitembea sambamba umbali wa mita 5 kila mmoja na mtu wake. Punguzeni umbali siku kwa siku. Chakula walishwe mbalimbali kwa miezi kadhaa.

Kumchukua moja kwa moja

Ukiamua kubaki naye, jambo la kwanza ni kumhasi dume au kumfunga kizazi jike. Mimba ya mbwa ni siku 63, joto huja karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba moja huleta watoto sita au nane ambao wengi wao wataishia kule alikotoka mama yao. Jike asiyefungwa pia huwa katika hatari ya usaha kwenye kizazi, hasa wiki 4 hadi 8 baada ya joto: anakunywa maji mengi, anakataa chakula, tumbo linajaa. Hiyo ni dharura ya saa chache.

Mbwa mzima asile saa 8 hadi 12 kabla ya upasuaji. Baadaye asilowe, asiruke na asilambe mshono kwa siku 10 hadi 14. Ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako na kuvishwa shingoni inazuia kulamba sawasawa na kola ya kuzuia kulamba ya dukani. Uvimbe mdogo mgumu ni kawaida. Harufu, usaha au mshono kufunguka si kawaida.

Chakula, sumu na majirani

Ugali mtupu humfanya mbwa anenepe tumbo na kukonda mgongo. Lenga nusu ya sufuria iwe nyama, mapafu au omena, iliyobaki iwe ugali au wali, pamoja na sukumawiki, karoti au boga kidogo. Omena au dagaa waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, uwatoe kwa mkono. Mchanga utaubakisha chini. Ini lisizidi mara mbili kwa wiki. Usitie vitunguu, chumvi wala viungo, na mifupa iliyopikwa itupwe. Unga uliovunda, hata ule "wa mbwa" wanaouza kwa bei ya kutupa, huweza kuwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Mbwa hudhurika nayo mno, na ini likishakufa hakuna kurudi. Gusa mbavu zake kila mwezi: ziguseke kwa urahisi bila kuonekana kutoka mbali.

Sumu ya kurushwa ukutani ni jambo la kweli huku kwetu, kwa wezi na hata kwa baadhi ya majirani. Mfundishe kula kwenye bakuli lake tu, na mlishe jioni ili usiku asiwe na njaa. Akitokwa povu, akitetemeka misuli na kuyumba, mkimbize kwa daktari na ubebe matapishi au kipande cha nyama kwenye chombo kilichofungwa. Maziwa, mayai mabichi au maji ya chumvi yasimwagwe mdomoni. Mbwa anayetetemeka huyavuta mapafuni, akafa kwa hilo kabla ya sumu.

Ukiishi Mombasa, Zanzibar, Tanga au popote penye Waislamu wengi, kumbuka kwamba kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo au nguo iliyoguswa huoshwa mara saba, mara moja ikiwa kwa udongo. Fupisha kamba unapopishana na watu, zaidi nyakati za swala. Jirani aliyeheshimiwa hivyo ndiye atakayekupigia simu mbwa wako akitoka.

Uzeeni

Mbwa wa kienyeji aliyetunzwa hufika miaka 12 hadi 15. Kuanzia mwaka wa 8, apimwe na daktari mara mbili kwa mwaka. Dalili za maumivu ni za kimya: anasita kupanda ngazi, anaramba kiungo kimoja, anamng'akia mtoto aliyekuwa akicheza naye. Mpe godoro nene, sakafu isiyoteleza, matembezi mafupi ya mara nyingi. Kunywa maji kupita mililita 100 kwa kila kilo kwa siku huashiria figo au kisukari. Pima kwa jagi, uandike.

Dawa zetu za maumivu zisimguse. Panadol huharibu ini na damu yake. Ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo na kuua figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa, na daktari atakupa dozi ya kilo zake.

Kumuaga

Uamuzi huu unaumiza, na wengi huuchelewesha kwa upendo. Tumia kalenda. Andika vitu vitano anavyovipenda: labda kula omena, kukupokea getini, kulala juani, kutembea hadi kona, kuchezea mpira. Kila jioni tia alama siku njema au mbaya. Vitu vitatu vikishapotea, au siku mbaya zikizidi njema kwa wiki mbili mfululizo, zungumza na daktari. Kushindwa kupumua vizuri, au maumivu ambayo dawa haiyatulizi, hakusubiri kalenda.

Uliza mapema dawa itakayotumika. Utaratibu mzuri ni huu: sindano ya kwanza humlewesha hadi asijitambue, baada ya dakika 5 hadi 15, kisha pentobarbital, dawa ya usingizi kwa dozi ya kuua, kwenye mshipa wa mguu wa mbele, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Kama dawa hiyo haipatikani mji wenu, sharti libaki moja: nusukaputi kamili kwanza. Mbwa aliye macho asichomwe kitu cha kusimamisha moyo. Baada ya kufa macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja mbili na kukojoa. Si kwamba anateseka. Kaa upande wa kichwa chake, umshike pale anapopenda.

Watoto waambiwe "amekufa". Ukisema amelala, wataogopa usingizi. Mbwa mwenzake aruhusiwe kunusa mwili. Baadhi yao huacha kumtafuta baada ya hapo.

Mwili uzungushiwe shuka la pamba au gunia, bila plastiki, uzikwe ukiwa na mita moja ya udongo juu yake, mbali na kisima na mahali maji ya mvua yanapojaa. Kina hicho ni lazima, maana pentobarbital hubaki kwenye nyama na huua mbwa, fisi au tai atakayefukua. Mpangaji aombe kliniki ishughulikie. Akifa ghafla baada ya kubadilika tabia, kutokwa mate na kushindwa kumeza, usimguse wala usimzike: ita ofisi ya mifugo wachukue sampuli ya ubongo, na kila aliyeguswa na mate yake aende hospitali.

Dawa zilizobaki zirudishe kliniki. Wao hupata mbwa wa kituoni asiye na wa kumlipia. Mabakuli na kamba vioshwe kwa jiki, vianikwe juani. Kama alikufa kwa parvo, usilete mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo kwenye ua huo kwa mwaka mzima. Mbwa mzima aliyechanjwa anaweza kuja wakati wowote mtakapokuwa tayari.